Kuwasha Tinfoil Hat Linux bila diskete

Tinfoil Hat Linux ni mfumo endeshi unaoingia wote kwenye diskete moja. Ulitolewa Februari 2002 na The Shmoo Group, kikundi cha wataalamu wa usalama wa kompyuta nchini Marekani, ili kukupa mahali salama pa kutumia GnuPG, programu ya kusimba ujumbe na kuutia sahihi, hata kama kompyuta uliyoikalia si yako na huiamini. Unaingiza diskete, unawasha mashine, kerneli na faili zake zinapakiwa kwenye kumbukumbu ya muda, unafanya kazi yako, unazima. Hausakinishwi kwenye diski kuu. Mtandao haupo, kwa sababu walioitengeneza kerneli hiyo waliuacha nje makusudi. Kompyuta ya 386 yenye megabaiti 8 za kumbukumbu ilitosha kabisa.

Wanaoutafuta leo hukwama mapema. Faili ya mfumo ikishapatikana, maelezo yanataka iandikwe kwenye diskete, na kompyuta haina hata pa kuiingizia. Apple waliondoa kiendeshi cha diskete kwenye iMac mwaka 1998, watengenezaji wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine, na Sony wakaacha kutengeneza diskete zenyewe mwaka 2011. Ukibahatika kupata mashine ya mtumba yenye kiendeshi, huenda kichwa chake kimejaa vumbi, na diskete utakazouziwa zimekaa miaka mingi kwenye joto na unyevu.

Njia mbadala zipo na zinafanya kazi. Ila naomba jambo moja lieleweke kabla hujagusa kibodi. Kuuona mfumo huu ukiwaka kwenye skrini yako hakumaanishi kwamba umepata ulinzi wake. Waliouunda hawakuichagua diskete kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa mezani. Ilikuwa sehemu ya ulinzi, na kila unachoweka mahali pake kinabeba baadhi tu ya kazi zake.

Chukua diskete ya inchi tatu na nusu uigeuze. Kwenye kona moja kuna kilango kidogo cha plastiki kinachosogezwa kwa ukucha. Kikifunika tundu, diskete inaandikika. Kikiacha tundu wazi, kihisi kilicho ndani ya kiendeshi kinaliona, na sakiti ya kiendeshi chenyewe inakataa kuandika. Kirusi kilichojificha kwenye kompyuta kinaweza kuomba kuandika mchana kutwa na kisifanikiwe, maana uamuzi haupiti kwenye programu yoyote ya kompyuta. Huo ni ulinzi unaouona kwa macho na kuupapasa kwa kidole. Kadi za SD nazo zina kiswichi pembeni, na wengi hudhani ni kitu kilekile. Sivyo. Kiswichi cha SD hakijaunganishwa na sakiti ya ndani ya kadi. Kinakiarifu kisomeo tu kwamba mwenye kadi hataki iandikwe, na kisomeo au draiva yake ndiyo inayoamua kutii au kutotii.

Halafu kuna udogo. Diskete ya kawaida ina nyimbo 80 kila upande, pande mbili, sekta 18 kwa kila wimbo na baiti 512 kwa kila sekta. Zidisha upate baiti 1,474,560. Mfumo unaoingia humo hauna pa kuficha mambo mengi, na mtu mmoja mwenye subira anaweza kuipitia orodha ya faili zake zote akajua kila moja inafanya nini. Hakuna mtu anayeweza kusema hivyo kuhusu mfumo wa gigabaiti kumi.

La tatu ni kwamba diskete haina akili. Ni duara la plastiki lililopakwa sumaku. Flashi ya USB ina kompyuta ndogo ndani yake yenye programu yake, na mwaka 2014 Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwenye mkutano wa Black Hat kwamba programu hiyo inaweza kuandikwa upya, flashi ikajitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi na kuanza kuandika amri. Diskete haiwezi kujifanya kibodi.

Andika hayo matatu mahali: kufuli la mkono, udogo, na kutokuwa na akili. Tutayapimia kila njia.

Inafaa pia ujue waliouunda walikuwa wanamwogopa nani. Mwaka 1999, katika jimbo la New Jersey, wapelelezi wa FBI walikuta kwenye kompyuta ya mtuhumiwa Nicodemo S. Scarfo faili iliyosimbwa kwa PGP, programu ya kusimba. Hawakuivunja hesabu yake. Walipata kibali, wakaingia ofisini wakatega kinasa-vibonye, wakasubiri aandike nenosiri lake mwenyewe. Desemba 2001 mahakama ikakubali ushahidi huo. Miezi miwili baadaye Tinfoil Hat Linux ukatoka, na ndani yake mkiwa na gpggrid, programu inayokuwezesha kuingiza nenosiri bila kulichapa. Inakuonyesha jedwali la herufi, nawe unachagua herufi moja moja kwa kusogea juu ya jedwali, kama wanavyoingiza majina yao wachezaji wa michezo ya video. Kinasa-vibonye kinaambulia mwendo wako juu ya jedwali, si herufi zako.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1985 Mholanzi Wim van Eck alikuwa ameonyesha kwamba mawimbi yanayotoka kwenye skrini yanaweza kunaswa kwa mbali na picha ikasomwa, kwa hiyo mfumo huu ukapewa hali ya tahadhari ambamo maandishi yanakuwa ya kijivu iliyokolea juu ya weusi. Unaweza kuuambia utoe ujumbe kwa mosi (msimbo wa Morse), taa ndogo ya kibodi ikiwaka na kuzimika, skrini isionyeshe kitu. Na GnuPG inaweza kuachwa ikikimbia nyuma ya pazia, ikitengeneza funguo za uongo na kusimba nyaraka za ovyo, ili anayepima shughuli za kompyuta asijue ni saa ngapi hasa umesimba kitu cha kweli. Nimesoma mifumo mingi ya usalama, na ni michache iliyomfikiria adui kwa uaminifu kiasi hiki ndani ya nafasi ndogo namna hii. Ndiyo maana naona inafaa kuuwasha hata leo, umri wake usikukatishe tamaa.

Sasa kazi yenyewe. Utapata faili iliyobanwa kwa gzip. Ifungue, kisha uangalie ukubwa wake kwa ls -l. Ikiwa ni taswira kamili ya diskete, namba itakuwa ileile, 1474560. Ikipungua au ikizidi kidogo, faili imekatika njiani au si taswira ya diskete ya kawaida, na njia kadhaa zilizo hapa chini zitakataa. Piga hesabu ya sha256sum na uilinganishe na nakala uliyoipata mahali pengine pasipohusiana na pa kwanza. Nakala mbili zikifanana, umejua kwamba ni faili moja. Hujajua kwamba faili hiyo ni njema. Kama imekuja na sahihi ya waliouunda, ithibitishe hiyo pia.

Mwenye haraka ya kujifunza aanze na mashine pepe. QEMU inafaa kuliko nyingine kwa kazi hii kwa sababu haiigi tu BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta), inaiga hadi chipu yenyewe inayotawala diskete. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kerneli ya Linux ikishapakiwa haiulizi tena BIOS kitu. Inakwenda moja kwa moja kwenye chipu kwa draiva yake yenyewe. Ndani ya QEMU itaikuta chipu hiyo, na /dev/fd0 itakuwepo kama ilivyotarajiwa mwaka 2002. Amri ni hii, ukiwa umeipa taswira jina la kofia.img:

qemu-system-i386 -m 16 -nic none -boot a -drive file=kofia.img,if=floppy,index=0,format=raw,readonly=on

Neno readonly=on ndilo kile kilango cha plastiki, na -nic none inaondoa hata kadi ya mtandao ya kuigiza. Ukitaka diskete ya pili ya kubebea funguo na barua zako za mazoezi, itengeneze hivi:

dd if=/dev/zero of=funguo.img bs=512 count=2880
mkfs.vfat funguo.img
mcopy -i funguo.img barua.txt ::

Kisha iongeze mwishoni mwa amri ya kwanza kama -drive file=funguo.img,if=floppy,index=1,format=raw. Ndani ya mfumo itaonekana kama /dev/fd1. Ukishindwa kuifungua, soma /proc/filesystems uone ni aina gani za mifumo ya faili kerneli hiyo inazijua, utengeneze upya kwa aina mojawapo.

Pima sasa kwa vile vipimo vitatu. Udogo umebaki kwa mgeni, lakini mgeni huyo amekaa ndani ya nyumba ya mwenyeji mwenye mamilioni ya mistari ya programu, na mwenyeji anaona kila kitu. Kinasa-vibonye kilichoko kwenye mfumo wako wa kawaida kinarekodi kila kibonye kabla QEMU haijakipata. Gpggrid bado itakusaidia kidogo dhidi ya kinasa kinachorekodi vibonye tu, lakini programu ya kijasusi inayopiga picha za skrini inakusomea jedwali lote. Taa za kibodi ziko chini ya mwenyeji, kwa hiyo usitegemee mosi. Baya zaidi limejificha: kumbukumbu ya mgeni ni sehemu ya kumbukumbu ya mwenyeji, na mwenyeji akiishiwa nafasi anaihamishia kwenye diski. Mfumo uliotungwa usiache chochote kwenye diski kuu unaweza kuacha nenosiri lako humo bila mtu yeyote kukuambia. Zima uhamishaji huo kwa swapoff -a kabla hujaanza, usiiache kompyuta ilale ikaandika kumbukumbu yake kwenye diski, na usihifadhi kamwe hali ya mashine pepe katikati ya kazi.

Kwa hiyo mashine pepe ni ya darasani. Iache huko.

Anayetaka mfumo uwake kwenye kompyuta halisi, mimi namshauri sidii. Sisemi hivyo kwa kupenda vitu vya kale. Mwaka 1995 Phoenix na IBM walikubaliana utaratibu uitwao El Torito unaoruhusu sidii kubeba taswira ya diskete ndani yake. BIOS ikiikuta, inaitendea taswira hiyo kama diskete iliyoingizwa, herufi A na yote. Weka kofia.img peke yake kwenye folda, tuseme sanduku, kisha:

genisoimage -o kofia.iso -b kofia.img -c boot.cat sanduku/

Programu hii inapopewa taswira yenye kilobaiti 1,440 kamili inajua yenyewe kwamba ni diskete, ndiyo maana nilisisitiza ukubwa. Choma kofia.iso kwenye CD-R, si CD-RW, na uifunge ili isiongezewe kitu. CD-R iliyofungwa haiandikiki tena, haina programu ndani yake, na bei yake inakuruhusu kuiharibu bila kujuta. Vipimo viwili kati ya vitatu vimetimia kikamilifu, na cha udogo nacho kimetimia kwa kuwa humo ndani hamna kingine. Hakuna njia nyingine ya leo inayoikaribia diskete kiasi hiki.

Ina kasoro moja, ijue mapema. Ile diskete ya kuigizwa ni kazi ya BIOS. Kipakiaji kitaisoma vizuri, kerneli na faili zake zitaingia kwenye kumbukumbu, halafu kerneli itaitafuta chipu ya diskete na isiikute. Mfumo utakuwa umewaka, lakini ukiuambia usome /dev/fd0 utakupa kosa. Mazoezi ya gpggrid na ya mosi utayafanya vizuri. Kuingiza na kutoa faili ndiko kutakakokupa tabu, na hapo unahitaji kompyuta yenye chipu halisi, nitaifikia.

Flashi ndiyo wengi huikimbilia. Kuna kompyuta ambazo ukiandika taswira moja kwa moja kwenye flashi kwa dd na kuchagua USB-FDD kwenye mipangilio ya BIOS, zinawaka. Angalia sana jina la kifaa kabla ya kubonyeza, dd haiulizi mara mbili na itafuta diski kuu kwa utiifu uleule. Nyingine zinataka msaada wa MEMDISK, programu ndogo inayokuja pamoja na kipakiaji cha Syslinux, ambayo inaipakia taswira yote kwenye kumbukumbu na kuidanganya BIOS kwamba diskete ipo. MEMDISK imeokoa watu wengi wanaotumia DOS, kwa kuwa DOS huongea na BIOS siku zote. Kwa Linux inakufikisha palepale sidii inapokufikisha. Njia safi zaidi kwa mwenye flashi ni kuifungua taswira kwa mount -o loop, kutoa kerneli na faili ya initrd, na kuziwasha kwa Syslinux au GRUB kwa kunakili vigezo vilevile vilivyomo kwenye mipangilio ya kipakiaji cha awali. Inafanya kazi. Lakini kwa upande wa ulinzi flashi ndiyo dhaifu kuliko zote: kwa kawaida haina kufuli, na ina akili.

Kiendeshi cha diskete cha USB kinawapendeza watu kwa kuwa kinafanana na cha zamani. Diskete halisi, kilango halisi, kufuli linafanya kazi. BIOS nyingi za wakati wa kati zitawasha kutoka humo bila shida. Kwa Linux, hata hivyo, kiendeshi cha USB si /dev/fd0. Kinaonekana kama diski ya familia ya SCSI, na kinahitaji draiva za USB ambazo kerneli iliyobanwa kuingia kwenye diskete moja haikutengenezwa kuzibeba. Kwa kuwasha, sawa. Kwa kusoma funguo baada ya hapo, usikitegemee.

Kama ubao mama wa kompyuta yako bado una ile soketi ya pini 34 ya mkanda wa diskete, umepata bahati ambayo huenda hukuijua. Kifaa kiitwacho Gotek kinaingia mahali pa kiendeshi, mkanda uleule, waya uleule wa umeme, na mbele yake unachomeka flashi iliyobeba taswira. Kwa chipu ya kompyuta, Gotek ni kiendeshi cha diskete tu. Kerneli itaikuta /dev/fd0, itasoma, itaandika, na funguo zako zitapita. Wengi huibadilishia programu ya ndani wakaweka FlashFloppy ya Keir Fraser, ambayo ni huria na inasomeka. Tatizo la flashi yenye akili linapungua pia, kwa sababu flashi imechomekwa kwenye Gotek na si kwenye kompyuta, hivyo haina njia ya kujifanya kibodi ya kompyuta yako. Unachokiamini zaidi sasa ni Gotek yenyewe.

Kuhusu kibodi: tumia ya PS/2 ikiwa soketi ipo, ile ya duara ya zambarau. Kibodi ya USB kwenye kerneli isiyo na draiva za USB inaishi kwa hisani ya BIOS, inayoitafsiri ionekane kama PS/2. Kwenye mipangilio, hakikisha USB Legacy Support imewashwa. Mkanganyiko ukitokea, taa za kibodi huwa za kwanza kukosa kutii, nazo ndizo unazozihitaji kwa mosi.

Yote haya yanataka BIOS ya kizamani, au mrithi wake UEFI inayoweza kujifanya BIOS kupitia kile kinachoandikwa CSM au Legacy kwenye mipangilio. Mwaka 2017 Intel walitangaza kwamba wangeacha kuiwezesha hali hiyo kufikia 2020. Kompyuta nyingi mpya hazina kabisa. Usipoteze jioni yako kuhangaika na laptopu mpya. Tafuta ya mwaka 2012 au kabla, au baki na QEMU.

Sasa tuje kwenye swali zito. Umeuwasha, unaona kiashiria, gpg inakujibu. Je, uutumie kwa barua za kweli? Hapana, na nasema hapana hii bila kusita hata kama umefuata njia ya sidii na kompyuta isiyo na waya wa mtandao.

GnuPG ya Februari 2002 ni ya familia ya 1.0. Novemba 2003 mtaalamu wa hesabu Phong Nguyen aligundua kwamba aina moja ya funguo zilizotengenezwa na GnuPG ya wakati huo, zile za ElGamal zilizotumika kusimba na kutia sahihi kwa pamoja, zilikuwa na kasoro iliyomwezesha mtu kuutoa ufunguo wa siri kutokana na sahihi moja tu. Programu ikarekebishwa, lakini nakala iliyogandishwa mwaka 2002 haijui habari hiyo. Mwaka 2017 ilionyeshwa wazi kwamba faili mbili tofauti zinaweza kutengenezwa zikatoa alama moja ya SHA-1, na SHA-1 ndiyo iliyobeba sahihi za enzi zile. Mwaka 2018, baada ya udhaifu uliopewa jina la Efail, GnuPG mpya ilianza kukataa kabisa ujumbe usiokuwa na kinga ya kuonyesha kama umechezewa. Simba barua kwa GnuPG ya kale bila kinga hiyo, mtumie rafiki yako mwenye toleo jipya, na programu yake itagoma kuifungua. Itakuwa sahihi kugoma. Upande wa pili nao una ukuta: funguo mpya zinazotengenezwa leo kwa mipangilio ya kawaida ya GnuPG ni za mikunjo ya duaradufu, na ile ya 2002 haijawahi kuzisikia. Kwa mazoezi tengeneza funguo mpya, uzitumie ndani ya mfumo huo tu, na usizipe jina lako.

Kuna pia suala la unasibu. Funguo hutengenezwa kwa namba zisizotabirika, nazo kerneli huzikusanya kutoka kwenye vishindo vya nje: vibonye, diski, mtandao. Mfumo usio na mtandao wala diski una vishindo vichache, na ndani ya mashine pepe vinapungua tena. Ukiona utengenezaji wa ufunguo umeganda, haujaharibika. Unasubiri namba. Bonyeza vibonye ovyo kwa dakika kadhaa utaona unaendelea. Nakusihi usitafute njia ya mkato ya kuuharakisha, hata kwa mazoezi, kwa maana mazoea ya darasani ndiyo yatakayokufuata kwenye kazi ya kweli.

Mwandishi wa habari, wakili, mhudumu wa afya mwenye majalada ya watu, mwanamke anayemkimbia mume anayepekua simu yake: kwenu ninyi, chombo cha leo ni mfumo endeshi uitwao Tails. Ulianza mwaka 2009, unatembea kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, hauandiki kwenye diski kuu usipouambia, unafuta kumbukumbu unapozima, na tangu 2024 uko chini ya shirika la Tor Project. Una kibodi ya kwenye skrini, ndugu wa kizazi kipya wa gpggrid, na sasa unajua kwa nini iko pale: kinasa-vibonye cha kuchomeka nyuma ya kompyuta hakioni kipanya kikibofya herufi. Tails hauwaki kwenye kompyuta za biti 32 tangu toleo la 3.0 la Juni 2017. Mwenye kompyuta ya mtumba ya biti 32 aifungue, achomoe kadi ya Wi-Fi kwa bisibisi, na asakinishe Debian 12, toleo la mwisho lenye kisakinishi cha biti 32. Mashine hiyo isiguse mtandao tena. Barua zisimbwe humo na zitolewe zikiwa zimesimbwa tayari.

Tena kumbuka kwamba zana hizi zote, ya zamani na za sasa, hazikulindi dhidi ya kamera iliyoko juu ya bega lako. Jedwali la gpggrid linasomeka vizuri sana kwenye video. Kaa ukiupa ukuta mgongo.

Na Scarfo? Nenosiri lililonaswa lilikuwa limejengwa kwa namba ya mfungwa ya baba yake. Hata bila kinasa-vibonye, mpelelezi mwenye jalada la familia angeweza kulifikia siku moja. Chagua maneno sita au saba kwa kurusha dadu na kutumia orodha ya maneno, yasihusiane na ukoo wako, timu yako wala tarehe zako, uyakariri kwa wiki nzima kabla hujayatumia.

Ukimaliza mazoezi, kata CD-R kwa mkasi kupitia katikati, si pembeni. Faili ya funguo.img ni ngumu zaidi kuondoa, kwani diski za SSD huhamisha data kimyakimya na kufuta hakuhakikishi kwamba imefutika. Kwa hiyo itengeneze tangu mwanzo ndani ya /dev/shm, ambayo ni kumbukumbu ya muda, ukiwa umeshapiga swapoff -a. Ukizima kompyuta, inaondoka yenyewe.